Muturudishie Maiti ya Robine Yetu

Musonoi, Avenue ya Masuku, Kolwezi

Kwa Tata Rémy, mukubwa wa habari, Televizyo Kioo, pale Manika

Tata wa heshima,

Nakuandikia nikikaa chini pa mukeka, juu mutu wa kilio hakai pa kiti. Ukiona mwandiko unapinda, usisingizie masomo yangu, hata kama masomo yangu yaliisha darasa la tano, siku basista balichoka na mimi. Singizia Abigaël. Iko hapa pa magoti yangu, hajafikisha mwaka, na anataka hii kalamu kuliko kula bukari yote ya dunia.

Mi naitwa Nkulu Mathieu. Nilifanya kazi ya mugodi mupaka mugodi ikanichoka. Televizyo yenu naiangalia kila siku kwa jirani, kupitia dirisha, na sijawahi kulalamika, hata ile siku mulionyesha mechi yote isipokuwa bao. Lakini habari yenu juu ya kilio yetu ya mazishi imeniumiza. Na imeumiza zaidi mujukulu wangu Rachelle, mama ya huyu Abigaël, juu ndiyo imemulaza mu kasho ya polisi. Bapolisi banasema ushahidi ni picha yenu. Banasema tena batamupeleka parquet, kwa bashitaki ba serikali, pamoja na "silaha" yake, na mi najua parquet: mulango wake wa kuingia ni mupana, ule wa kutokea bado banautafuta. Kwa hiyo nakuomba unisome mupaka mwisho bila kukunja uso.

Kwanza ujue marehemu wetu ni nani. Ni robine. Hapo usicheke, Tata, kuna batu bamevaa nyeusi.

Ni robine, bomba ya maji ya avenue yetu, moja tu tuliyokuwa nayo, na batu bote tunaiita Tata Kabongo, juu chefu Kabongo ndiye aliyehangaika zamani mupaka ikapandishwa. Aliosha batoto yetu siku ya ubatizo na akaosha bazee yetu siku ya mwisho. Kisha akaanza kuugua. Akakohoa, akatema kutu, akatoa upepo. Tuliita fundi wa watu wa maji. Fundi alimutazama kutoka mbali kama daktari anayeogopa kuambukizwa, akasema "itarudi tu," akapanda moto yake, ile pikipiki ya kazi, akaenda. Hakukurudi kitu. Bamama balipanga bidon za kutekea maji mbele yake kila asubuhi, mupaka bidon zikaota nyasi. Rachelle alikuwa anaenda kuteka mbali, na mutoto mugongoni, bidon pa kichwa, malori ya shaba yanamupita na vumbi yake. Mwisho bamama balisema: tuache kujidanganya, huyu amekufa, azikwe kama mutu. Stany, seremala wetu, akamufungua na spana, akamutengenezea sanduku nzuri kuliko ile alitengenezea baba yake mwenyewe. Tukamulaza pa muto, tukamutia pamba mu kinywa. Rachelle akavaa nguo ya mujane, juu yeye ndiye alikuwa anamuamukia wa kwanza kila siku. Mi babu yake namuitaka "muke wangu" tangu amezaliwa, na nilikubali aolewe na robine bila kuleta vita. Hiyo pia muandike.

Sasa wewe, Tata Rémy, ulisema mu habari kwamba ilikuwa "kilio ya uwongo, manifestation, maandamano iliyojifunika shuka." Uwongo! Mashitaki yangu ni haya.

1. Mulisema "vijana wasiojulikana." Mutu mulimuwekea duara nyekundu kuzunguka kichwa ni mimi. Mama Mignonne, muke wangu wa kweli, aliita bamama ba avenue yote baje baone kijana wake. Balicheka mupaka wengine bakaomba samahani kwa marehemu. Na "hajulikani" ni nani? Hata mbwa ya Musonoi inanijua, haisumbuki tena kunibwekea.

Mulisema tena huyo kijana "alijitupa mu barabara." Sikujitupa. Nililala polepole, mukono mumoja pa kiuno, juu mugongo yangu haitupwi. Na nililala kufuata desturi. Chefu Kabongo alikuwa mutani wangu, na robine yake nilirithi utani wake. Unajua vile inafanyika: mutani wa marehemu analala mbele ya sanduku, anatukana maiti, anakataa ipite, mupaka familia imubembeleze. Nilikuwa namuambia Kabongo: "Wewe muchoyo! Unaenda na maji yetu mu tumbo! Na huko unaenda utamunyima nani?" Mama Louise, musomaji wenu wa habari, akaeleza kwamba nilikuwa "natukana wakubwa ba mukoa." Mi sikutaja mukubwa. Kama kuna mukubwa alisikia maneno ya mutu mwenye kukatalia batu maji na akajitambua, huyo mulete, tumutie pamba yeye pia.

2. Mulisema tulibeba silaha: matawi, mawe, na "chuma kizito."

Matawi, sawa. Kilio gani ya Kolwezi inaenda makaburi bila matawi? Bamanseba, bale bavijana yetu ba taxi-moto, balifunga matawi mbele ya moto zao kama siku zote. Kama tawi ni silaha, basi Jumapili ya Matawi parokia yote ni jeshi, na mon père, padri wetu, ndiye jenerali.

Mawe hatukubeba. Mawe ya Musonoi iko chini tangu zamani, na batu banatoka ng'ambo ya dunia kuja kuyachukua. Hao hamuwaiti benye kubeba mawe.

Chuma kizito ndiye marehemu mwenyewe. Shingo yake ilifungwa na mupira mweusi wa baisikeli. Mi ndiye nilimufunga, wakati alianza kuvuja, na nilimufunga na fundo ya mugodi, ile haifunguki hata kwa meno. Ukienda kituo cha polisi, pale banamulaza sasa kama silaha, utaona fundo langu. Tangu lini mutu anamufunga bandeji silaha yake?

3. Hii ni fupi. Picha ya mapira ya gari inaungua haikuwa yetu. Nilijitafuta mu ule moshi, sikujiona. Nilitafuta Stany, sikumuona. Kisha moshi ikapungua, nyuma yake nikaona minazi na bahari. Tata Rémy, tunaomba bidon moja ya maji, na wewe unatupatia bahari yote?

4. Uliuliza mu habari, na kidole juu: "Nani iko nyuma ya hawa batu? Nani aliwaita?" Mi nilijibu pale pale pa dirisha, kwa sauti: "Ni Mama Louise!" Jirani akafunga dirisha. Lakini nilisema kweli. Kilio inatangazwa ku televizyo, desturi ni hiyo, na sisi tulikuja kwenu kama familia yote yenye adabu. Mama Louise alisoma asubuhi, akasoma midi, akasoma jioni, na kinanda inalia chini ya sauti yake: "Familia kubwa ya Avenue ya Masuku iko na huzuni kutangaza kifo ya Tata Kabongo, aliyenywesha batu bila kuchagua, baada ya ugonjwa murefu ambao benye kuweza kumuponyesha hawakufika. Mwili utapitishwa pa kazi yake ya zamani kabla ya kuzikwa." Na pale mwisho akaongeza mwenyewe, hatukumuomba: "Batu bote bafike kwa wingi." Balifika kwa wingi. Mama Louise akiita batu, banasikia. Hakutuuliza kama marehemu alikuwa wa nyama ao wa chuma, na sisi mu kilio hatujibu maulizo ambayo hatukuulizwa.

5. Hapa ndipo Rachelle anaumia, kwa hiyo nitaandika polepole, na Abigaël nimemupatia kijiko atafune.

Mulisema Rachelle ndiye kiongozi. Dodo wenu wa kamera alitufuata tangu Musonoi, na anajua kiongozi alikuwa nani. Yeye mwenyewe alikuwa anaimba sauti ya chini, vizuri sana, kamera pa bega. Lakini mu habari mulikata yote ile, mukaanza pale gazi ya machozi inaanza. Ni kama kuonyesha ndoa kuanzia pale balevi banapigana.

Mi nitakuelezea mulichokata. Tulipofika pa rond-point, ule muzunguko wa barabara, Komanda Badibanga alikuwa pale na bapolisi yake, kofia za chuma, fimbo, gari ya gazi. Nilifikiri, leo tumefika mwisho. Lakini akaona sanduku. Akatoa kofia yake. Bote bakatoa kofia. Akapiga filimbi, akasimamisha malori ya shaba, yote, mustari murefu hauoneki mwisho. Tata Rémy, yale malori hayasimamaki hata kwa mutoto wa shule, lakini yalisimama kwa robine yetu. Akakuja karibu na Rachelle, sauti chini: "Pole, mama. Ni nani alituacha?"

Rachelle akasema: "Ni Tata Kabongo. Alitunywesha bote."

"Nilisikia ku televizyo," Komanda akasema. "Alikufa na nini?"

"Na kungojea, Tata Komanda."

Akatikisa kichwa. "Kolwezi hii, kungojea inaua batu mingi."

Mi nilikuwa bado nimelala mu barabara na utani wangu. Nilimuambia: "Wewe munene, kama unataka huyu muchoyo apite, unibembeleze!" Hakukasirika. Akaninyooshea mukono, akaniamusha, akanipangusa vumbi pa mugongo kama mutoto wangu wa kuzaa. Kisha akaona Stany anachechemea, akamuambia "lete, tata," akashika yeye mwenyewe sanduku, pale mbele. Mbele! Batu bote balikuwa nyuma yake, na matawi, na nyimbo. Kama mutu anayetembea mbele ya manifestation ndiye kiongozi, basi kiongozi yetu alikuwa na nyota pa mabega.

Mutu wa kazi akikufa, anapitishwa pa kazi yake aage bakubwa yake. Ndiyo tukapita kwa watu wa maji, pale Manika. Desturi tu. Tukasimamisha sanduku mbele ya mulango, tukafunua ili mukubwa wao aone uso wa mufanyakazi wake. Mukubwa alikuwa ametoka na mulango wa nyuma. Sasa kwa heshima tukamupatia Komanda nafasi ya kwanza ya kuaga. Akainama. Akakaa ameinama. Mi nilifikiri anasali.

"Ni robine," akasema.

"Ndiyo, Tata Komanda," Rachelle akasema, "na imekufa kweli, uguse."

Dodo aliacha kuimba. Bapolisi ba nyuma balianza kuuliza "iko nini? iko nini?" na mumoja akacheka, kisha wengine. Nafikiri ni kile kicheko kilileta gazi. Kama bapolisi hawakucheka, Komanda alikuwa anaweza kutupatia mukono, aseme pole, aende nyumbani. Lakini mutu aliyetoa kofia mbele ya robine, na askari yake banamucheka, anatafuta mutu wa kukamata. Akakamata mujane.

6. Juu ya gazi ya kutoa machozi sina maneno mingi. Tulikuwa tumelia ya kutosha, hakukuwe lazima ya kutusaidia. Lakini mulisema gazi "haikuumiza mutu." Kweli, inatoka na maji safi tu. Shida ni kwamba hatukuwe nayo.

Sasa naomba, kwa heshima yote, kimoja kati ya hivi viwili.

Cha kwanza: kama ilikuwa manifestation, benye kosa bakamatwe bote. Komanda Badibanga aliyetembea mbele, aingie. Mama Louise aliyeita batu, aingie. Dodo aliyeimba, aingie, na abebe kamera yake, tuone picha ya ndani ya kasho mu habari ya jioni. Wewe, Tata Rémy, uliyepokea tangazo, uingie wa mwisho, ufunge mulango. Nimekwisha kumuuliza Rachelle kama nafasi iko. Anasema mukisimama wima, mutaenea. Mi nitawaletea sombe ya kula, na Abigaël naye nitaendelea kumuleta asubuhi na jioni anyonye, kama vile nafanya sasa. Polisi wa mulango anaandika jina lake kila mara: "Abigaël, mugeni wa mufungwa." Siku ingine alimushika mi nikitafuta miwani, na Abigaël akamukojolea pa bunduki. Hiyo nayo, nakuomba, usiite shambulio.

Cha pili: kama hutaki hivyo, basi ilikuwa kilio ya kweli, na kilio haijaisha. Mutuachilie mujane, muturudishie maiti. Na musiporudisha, ujue desturi: kilio inafuata maiti pale imelala. Maiti yetu imelala mu kituo cha polisi. Kwa hiyo sisi bote ba Avenue ya Masuku tutahamia mu kiwanja ya polisi na mikeka, masufuria, ngoma, na kwaya mbili ambazo hazipendani. Binamu yangu Mbuyu anakuja kutoka Kisenge na familia yake, na kwao Kisenge banalia kwa sauti inayoamusha hata askari ba mpaka wa inchi. Haitakuwa manifestation. Tutalia tu, tutakula, tutatukana maiti, tutacheza karata, mupaka azikwe. Naomba Mama Louise atusomee tangazo, na asisahau ile maneno yake ya mwisho.

Juu ya hayo yote nasimama imara: Tata Kabongo amekufa kifo ya kweli. Mutu yoyote anayesema kilio yetu ilikuwa ya uwongo, aje mbele yangu alete robine, aifungue, na maji itoke. Siku hiyo nitakula hii barua bila chumvi.

Unisalimie Mama Louise, sauti yake ni nzuri hata ikisema mabaya. Unisalimie Dodo, umuambie kwaya ya parokia iko na lazima ya sauti ya chini. Unisalimie bamama benye kufagia kwenu, na mulinzi wa mulango aliyeninyima kuingia, juu alininyima na tabasamu. Ukikutana na Komanda Badibanga, umuambie mutani wa marehemu anamukumbuka, na mugongo yangu bado inasikia ule mukono wake.

Mimi, mufiwa wenu mwenye adabu,

Nkulu Mathieu, kijana asiyejulikana

N.B. Tata Rémy, usisome barua kwa sauti, ao kama umekwisha kusoma, usahau. Nilikuwa nimeifunga. Leo asubuhi nikabeba Abigaël kwenda kunyonya kwa mama yake. Kufika mu kiwanja ya polisi, nikasikia sauti sikuisikia tangu zamani. Maji. Polisi mumoja alikuwa anaosha gari ya gazi, anapiga mulunzi. Nikaangalia ile robine pa ukuta. Shingo yake imefungwa na mupira mweusi wa baisikeli, na fundo ni langu.

Robine yao ilikuwa imekatika. Balimuona Kabongo amelala bule pa meza kati ya ushahidi, bakamutoa pamba, bakamufunga pa ukuta. Na akatoa maji, Tata. Mingi, nzuri, kama kijana. Hakuwe amekufa hata kidogo. Ni maji ndiyo ilikuwa haifiki kwetu, yeye alikuwa anangojea tu pamoja na sisi.

Komanda alitoka nje, akaniona naangalia. Aliangalia robine, akaangalia mi, akaangalia gari na sabuni yake. Kumupeleka Rachelle parquet, lazima apeleke na silaha. Kutoa silaha pa ukuta, kituo yote inakauka. Alifikiri mupaka Abigaël akaanza kulia. Kisha akasema: "Muzee, beba mujukulu wako, muende." Rachelle alitoka, nguo ya mujane pa bega, na kabla ya kunipa hata salamu akajaza bidon.

Kwa hiyo uko na haki, kilio ilikuwa ya uwongo, marehemu ni muzima, na mi natafuna hii barua kuanzia pembe. Naomba tangazo ya mwisho tu, Mama Louise asome na kinanda ya furaha: "Familia kubwa ya Avenue ya Masuku inajulisha kwamba Tata Kabongo amepona, na amehamishwa kazi, sasa iko kwa bapolisi. Kesho asubuhi tutaenda kumuona mugonjwa wetu, avenue yote. Haiko manifestation. Matawi bayaache nyumbani. Kila mutu abebe bidon."